Wosia uliofichwa: kutoka kikao cha ukoo hadi kutenguliwa kwa uteuzi

Wosia unaofichwa kwa kawaida hauchomwi moto wala hauchanwi. Unarudishwa tu ulikotoka: ndani ya bahasha ya kaki, chini ya hati ya kiwanja na risiti za zamani, kwenye sanduku la chuma ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja. Aliyeifungua bahasha amesoma kurasa mbili, ameona jina la mtu ambaye hakutegemea kuliona, akaifunga. Siku hiyo bado hajavunja sheria yoyote. Kosa linakuja wiki kadhaa baadaye, tena mbele ya watu, anapoulizwa kama marehemu aliacha wosia naye akajibu hapana.

Haya yanawahusu ndugu wa pande mbili: aliye na bahasha na hajui aifanye nini, na anayehisi kuna karatasi mahali lakini hana ushahidi. Ni utaratibu wa Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria na mahakama zake za mirathi.

Kinachosikitisha katika mashauri ya aina hii ni kwamba mara nyingi aliyeficha alikuwa na hoja nzuri za kuupinga wosia ule waziwazi. Pengine angeshinda. Kwa kuuficha, amechukua mgogoro aliokuwa na nafasi nao akaugeuza kuwa kesi ya udanganyifu, na humo nafasi yake ni finyu.

Mstari mmoja kwenye muhtasari

Matanga yakishaanuliwa, au arobaini ikishapita, ukoo hukaa kikao. Sheria haikifanyi kikao hicho kuwa sharti, ila mahakama nyingi hutaka kuuona muhtasari wake kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari huandikwa kwa haraka, mara nyingi kwenye daftari la shule, na ndani yake huwa kuna sentensi kama hii: "Wajumbe walijulishwa kwamba marehemu hakuacha wosia." Chini yake zinafuata sahihi na alama za dole gumba.

Sentensi hiyo ndiyo itakayosomwa mahakamani miaka mitatu baadaye, huku kila aliyesaini akiulizwa: wewe ulijulishwa na nani? Mwenye bahasha alikuwepo. Shangazi aliyeshuhudia wosia ukiandikwa naye huenda alikuwepo, akanyamaza kwa sababu kaka mkubwa alikwisha sema, "Shangazi, haya tuyamalize kifamilia, tusimwaibishe mzee." Wote wawili wamesaini jambo wanalojua si kweli. Tofauti yao ni kwamba mmoja atanufaika na mwingine hatapata kitu zaidi ya wito wa mahakama.

Ukiwa mjumbe na hujui kama wosia upo, usikubali maneno "hakuacha wosia". Omba iandikwe: "Hadi tarehe ya kikao hiki hakuna wosia uliowasilishwa kwenye kikao." Tena pendekeza yatajwe majina ya waliokabidhiwa kazi ya kuutafuta na mahali walikotafuta. Mwenye nia njema hapotezi chochote kwa maneno hayo. Anayeng'ang'ania yale ya kwanza mtazame vizuri.

Kutafuta kwenyewe si kupekua kabati tu. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, kwa hiyo nenda huko na cheti cha kifo uulize. Muulize wakili aliyewahi kumfanyia marehemu kazi yoyote, hata ya mkataba wa pango. Benki inaweza kuwa imehifadhi bahasha yake. Waulize pia padri, mchungaji au imamu, mwenyekiti wa ukoo, na rafiki yake wa kazini wa miaka mingi. Ulizeni kwa barua, mpate na majibu kwa barua. Barua ya RITA au ya wakili inayosema hawana wosia wa marehemu humlinda msimamizi mwaminifu, na humkosesha usingizi asiye mwaminifu.

Kiapo

Maombi ya usimamizi yana njia zaidi ya moja. Marehemu aliyeishi kimila, au aliyekuwa Mwislamu ambaye mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, mirathi yake inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa na makazi ya kudumu, kwa Fomu Na. 1 ya kanuni za mwaka 1971 (Tangazo la Serikali Na. 49). Mirathi ya Mkristo aliyekwisha kuachana na maisha ya kimila huenda mahakama za juu zaidi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Kukosea mahakama ni balaa la peke yake: uteuzi unaweza kufutwa hata kama hakuna aliyeficha chochote.

Kote huko swali la wosia lipo. Kama upo, unaambatanishwa, na anayeomba anatarajiwa kuwa mtekelezaji aliyetajwa ndani yake. Huyo asipoitwa kwanza akubali au akatae kazi hiyo, mwingine hawezi kupewa nafasi yake hivi hivi. Kama haupo, mwombaji anasema haupo. Kwenye maombi ya Sura ya 352 anaapa kwamba umetafutwa kwa bidii na haukupatikana.

Hapo ndipo ukimya unapogeuka kuwa kauli. Mpaka saa hiyo mwenye bahasha angeweza kusema alikuwa hajaipeleka, alikuwa anasubiri msiba upoe, au hakuelewa karatasi ile ni nini. Akishaapa, utetezi huo umekwisha. Amedanganya chini ya kiapo kwenye shauri, na adhabu ya kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inafika kifungo cha miaka 7.

Kuna uongo mwingine ambao watu hawauhesabu kuwa ni kuficha. Mzee aliandika wosia wa kwanza, miaka ikapita, akaoa tena au akagombana na mwanawe, akaandika wa pili. Mtoto analeta mahakamani ule wa kwanza na kuukalia wa pili. Anajitetea kwamba hakusema hakuna wosia, na wosia ameleta. Lakini wosia wa baadaye ndio unaotawala pale unapopingana na wa mwanzo, na kuuzuia usionekane ni kuficha kule kule. Kwa maoni yangu ni kubaya zaidi, maana anayechagua kati ya karatasi mbili hawezi kudai hakujua.

Je, huo wosia ungesimama?

Kabla hujaingiwa na hofu, au na tamaa, soma karatasi yenyewe kwa macho ya hakimu. Wosia mwingi ulioandikwa nyumbani una kasoro.

Kwa wanaofuata sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 (Tangazo la Serikali Na. 436), wosia wa maandishi unataka mashahidi maalumu wanaojua kusoma na kuandika. Mwenye wosia akiwa anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili: mmoja wa ukoo wake na mmoja mtu baki. Akiwa hajui, wasipungue wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Hata wosia wa mdomo una idadi yake, mashahidi wanne kwa mgawanyo huo huo. Sasa itazame bahasha: wametia sahihi rafiki zake wawili wa kijiweni, wa ukoo hakuna hata mmoja. Hapo pana pingamizi la maana. Sheria hiyo inataka pia anayemnyima mrithi wake urithi awe na sababu zinazotambulika, kama vile mtoto kumdhuru mzazi au kumtelekeza katika maradhi bila sababu ya haki, na aitaje. "Sitaki apate kitu" peke yake ni maneno mepesi sana.

Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi na madeni, na haumpi mrithi anayerithi tayari ila wenzake wakubali. Kwa hiyo kijana anayeficha wosia wa baba uliompa nyumba yote mke mdogo anaficha kitu ambacho kisingeweza kutekelezwa chote.

Kwa Mkristo asiyefuata mila inatumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo kwetu bado ina nguvu. Humo wanatakiwa mashahidi wawili au zaidi. Shahidi aliyeachiwa mali ndani ya wosia huo huo, au mwenzi wake, hapati alichoachiwa, ingawa wosia wenyewe haufi. Na ndoa inayofungwa baada ya wosia kuandikwa huufuta. Hili la mwisho watu hulisahau kabisa: mzee aliandika wosia akiwa mjane, akafunga ndoa kanisani miaka miwili baadaye, watoto wakahangaika kuuficha wosia ambao ulikwisha kufa siku ya harusi.

Halafu kuna suala la mali yenyewe. Mtu huusia kilicho chake. Sehemu ya mke katika nyumba waliyoichuma pamoja si ya kuusiwa na mume, hata wosia ungekuwa na mihuri kumi.

Hoja zote hizo zina mahali pake, nako ni mahakamani wosia ukiwa mezani. Unaweza kupinga sahihi, na maandishi yakapelekwa kwa mtaalamu wa Jeshi la Polisi yalinganishwe na sahihi za marehemu za benki au kazini. Unaweza kuhoji akili yake siku ile kwa kutumia kumbukumbu za hospitali. Unaweza kuonyesha kwamba alishurutishwa. Lakini aliyeuficha akikamatwa na baadaye akasema "hata hivyo ulikuwa batili", hakimu atamuuliza swali moja tu: kama ulikuwa batili, uliuogopa kwa nini?

Unavyojulikana

Siri ya wosia ina watu wengi kuliko anavyodhani mwenye ufunguo. Mashahidi wapo. Aliyeuchapa yupo. Wakili ana nakala kwenye jalada, au RITA wana wa asili. Siku hizi kuna na picha: marehemu aliupiga wosia picha kwa simu akamtumia binti yake aliye mbali, na binti akaiona picha ile miezi kadhaa baada ya mazishi alipokuwa anapitia mazungumzo yao ya zamani.

Ukiwa upande huo, wa aliyegundua, usianze kwa kupiga simu na kutukana. Kinachofuata hapo ni wosia wa asili kupotea kweli, na mali kuuzwa haraka. Anza kimya kimya na vitu hivi. Hifadhi picha au nakala mahali zaidi ya pamoja, simu yenyewe usiifute wala kuiuza, kwa sababu inaweza kuhitajika kama kielelezo. Nenda kwenye mahakama iliyomteua msimamizi ukaombe nakala ya jalada: fomu ya maombi, muhtasari wa kikao, hati ya uteuzi, na kama zipo, orodha ya mali na hesabu. Kwa msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo, taarifa ya mali na madeni na hesabu hutakiwa ndani ya miezi 4 tangu uteuzi. Kwa Sura ya 352, orodha ya mali ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama imeongeza muda. Msimamizi anayeficha wosia mara nyingi na hizo hajapeleka, na hiyo ni hoja ya pili mkononi mwako.

Kama kuna ardhi yenye hati, peleka zuio kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ili uhamisho usipite bila wewe kujulishwa. Kama ardhi haina hati, barua kwa mtendaji wa kijiji au serikali ya mtaa husaidia, japo si ukuta. Benki nayo iandikie. Bila amri ya mahakama hawatakueleza habari za akaunti, lakini watakuwa wamejua kuna mgogoro. Hilo lina uzito, kwa sababu aliyemlipa msimamizi kwa nia njema kabla uteuzi haujatenguliwa huwa amemaliza wajibu wake na huwezi kumdai tena.

Mirathi ikiwa bado haijaamuliwa, njia ni nyepesi zaidi: unaweka pingamizi ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo. Kwa maombi ya Sura ya 352 kuna hati maalumu ya tahadhari inayowekwa mahakamani, nayo hudumu miezi 4. Wengi huiweka wakakaa kusubiri, muda ukaisha, na uteuzi ukatoka wakiwa wanapanga nauli.

Kuomba uteuzi utenguliwe

Uteuzi ukishatoka, maombi yanapelekwa mahakama ile ile iliyoutoa. Watu hupoteza miezi wakifungua kesi mpya ya ardhi mahali pengine na kurudishwa.

Kwenye Sura ya 352, kifungu cha 49 ndicho kinachohusika. Kinaruhusu uteuzi kutenguliwa kama mwenendo wa kuupata ulikuwa na kasoro za msingi. Kama ulipatikana kwa ulaghai, kwa maelezo ya uongo au kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Kama ulipatikana kwa madai yasiyo ya kweli hata kama mwombaji hakujua. Kama umekosa maana. Au kama msimamizi amekataa kwa makusudi kupeleka orodha na hesabu. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo nazo zina sababu zinazofanana, ikiwemo uteuzi uliotolewa mahakama ikiwa haijui ukweli ambao ungeufanya uteuzi huo usiwe halali.

Zitazame hizo sababu kwa makini. Kumng'oa msimamizi hakukulazimu kuthibitisha kwamba aliuficha wosia kwa roho mbaya. Inatosha kuonyesha kwamba jambo la msingi halikuwa mbele ya mahakama, hata kwa kutojua kwake. Waombaji wengi huharibu shauri lao kwa kujaza hati ya kiapo matusi, tuhuma za uchawi na habari za nani alilia na nani hakulia msibani. Andika tarehe ya wosia, majina ya mashahidi wake, ulivyoupata, kilichoandikwa kwenye fomu ya maombi, na unachoomba. Kurasa tatu zinatosha.

Wosia wa asili ukiwa kwa mwenzako, omba mahakama imwamuru auwasilishe. Akisema umepotea, shauri halijafa. Sheria inaruhusu nakala au rasimu kuthibitishwa pale ambapo wosia umepotea au kuharibiwa baada ya kifo bila mkono wa marehemu, na yaliyomo yanaweza kuthibitishwa hata kwa ushahidi wa mdomo wa waliousoma. Ugumu uko hapa: kama mara ya mwisho wosia ulionekana kwa marehemu mwenyewe, upande wa pili utasema aliuharibu yeye akiwa amebadili mawazo. Kwa hiyo ushahidi wenye thamani kubwa ni wa mtu aliyeuona baada ya mazishi. Hata mtoto wa nyumba aliyemwona mjomba akitoka chumbani na bahasha, akiweza kuieleza bahasha ilivyokuwa, ana uzito kuliko ndugu kumi wanaosema "sisi tulijua tu".

Uamuzi na bili yake

Mahakama ikiridhika, inatengua uteuzi na kuagiza hati ya uteuzi irudishwe. Hapo ndipo maumivu ya fedha yanapoanza. Msimamizi aliyetenguliwa anatakiwa kutoa hesabu ya kila alichokusanya: kodi za nyumba, mafao, mifugo, fedha za benki. Kifungu cha 138 cha Sura ya 352 kinasema wazi kwamba msimamizi aliyetumia vibaya mali ya marehemu au kuisababishia hasara anawajibika kuifidia, na fidia hiyo inatoka kwenye mali yake mwenyewe. Aliyejenga kwa fedha za mirathi akitarajia "watazoea" anaweza kujikuta nyumba yake mwenyewe iko hatarini wakati wa kukazia hukumu. Gharama za shauri nazo kwa kawaida hubebwa na aliyeshindwa, na kwa kuwa kosa ni lake binafsi, ana sababu ndogo ya kuomba zilipwe na mirathi.

Mnunuzi wa nyumba iliyouzwa ni suala tete. Aliyenunua kwa nia njema, akiwa ameona hati ya uteuzi iliyo hai na kulipa bei ya haki, ana hoja nzito za kulindwa, na familia hubaki kumdai msimamizi thamani. Aliyenunua kwa nusu bei huku akijua mgogoro upo, au ambaye ni shemeji wa msimamizi, hali yake ni nyingine. Kwa sababu hiyo zuio kwa Msajili lililowekwa mapema lina faida kuliko hukumu nzuri iliyochelewa.

Kwa ukali wote huo, kuna jambo moja ambalo mahakama ya mirathi hailifanyi kwa sababu tu mtu ameficha wosia: kumfuta kwenye orodha ya warithi papo hapo. Wengi huingia mahakamani wakiamini kaka yao atatoka mikono mitupu. Atapata kile ambacho wosia au sheria inampa, kikipunguzwa kwa anachodaiwa. Wakati mwingine hesabu zikipigwa kinachobaki ni sifuri, lakini ni kwa sababu ya deni.

Jinai

Kanuni ya Adhabu inalo kosa linalojitegemea la kuficha wosia kwa nia ya kulaghai, tena bila kujali kama mwenye wosia yu hai au amefariki. Kuuiba wosia kuna adhabu yake, hadi miaka 10. Kughushi wosia ni kosa zito zaidi: kifungo chake kinaweza kufika cha maisha. Nimeitaja kughushi kwa sababu mmoja huvuta mwingine. Aliyeficha wa kweli, akibanwa, hushawishika kutengeneza wake.

Neno la msingi ni nia ya kulaghai, nayo hupimwa kwa matendo. Je, alijua karatasi ile ni nini? Aliulizwa akakana? Alinufaika kwa kutoonekana kwake? Aliuhamisha ulipokuwa? Mjane mzee aliyeuweka wosia chini ya godoro kwa sababu hajui kusoma, na ambaye hakuna aliyemuuliza, si mtu wa kwanza wa kukimbilia kumshitaki.

Polisi wasitumike kama fimbo ya kumlazimisha mtu agawe mali. Familia hufungua jalada, mtu analazwa ndani siku mbili, ndugu wanakwenda "kuyamaliza", jalada linakufa, na mirathi inabaki pale pale. Kesi ya jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya maana, na mshitakiwa akiachiwa atatembea na hukumu hiyo akidai amesafishwa, ingawa haimkingi na maombi ya kutengua uteuzi. Mara nyingi ni busara kutangulia na mirathi: pata kwanza uamuzi wa mahakama kwamba wosia ulikuwepo na haukuwasilishwa, ndipo ufikirie polisi. Isipokuwa kama kuna dalili za kughushi au vielelezo kuteketezwa. Hapo usisubiri.

Kama bahasha iko kwako

Kabla ya maombi kupelekwa, kazi ni nyepesi. Usiandike chochote juu yake, usitoe pini. Ipige picha kila ukurasa, pamoja na bahasha mbele na nyuma. Mpelekee mtekelezaji aliyetajwa, au uiwasilishe mahakamani maombi yanapofunguliwa, na kwa vyovyote usaini makabidhiano yenye tarehe. Kama hukubaliani na yaliyomo, andika pingamizi lako ukiwa umeiwasilisha.

Maombi yakiwa yameshapelekwa na wewe umesema hakuna wosia, lakini uteuzi haujatoka, nenda mahakamani ukarekebishe maelezo yako. Utaona haya mbele ya ndugu. Hakimu naye atakuuliza maswali makali, na pengine usimamizi atapewa mwingine. Hayo yote yanavumilika ukilinganisha na hatua inayofuata.

Uteuzi ukiwa umetoka na mali haijagawanywa, simamisha kila kitu: usiuze, usitoe fedha ila za matumizi ya lazima kama matibabu ya mjane au ada za watoto wa marehemu, na uweke risiti. Tafuta wakili au msaada wa kisheria kabla ya kuandika neno lolote, maana barua ya kuomba radhi kwa wadogo zako ni kielelezo pia. Kisha rudi kwenye mahakama iliyokuteua.

Mali ikiwa imekwisha kugawanywa, kuna familia zinazokaa na kukubaliana mgawanyo mpya, kila aliyetajwa kwenye wosia akaridhia kwa sahihi yake, na mahakama ikauandika. Inawezekana pale ambapo walionyimwa wote ni watu wazima na wanajua haki walizo nazo. Kukiwa na mtoto mdogo aliyetajwa kwenye wosia, hakuna mjomba anayeweza kumsamehe mtu kwa niaba yake jioni moja sebuleni. Lazima mahakama ihusike.

Na wale wanaosubiri mwenye bahasha azeeke afe nayo: usimamizi wa mirathi haurithiwi. Msimamizi akifariki mirathi ikiwa haijafungwa, mwanawe hawi msimamizi kwa sababu ya damu. Mahakama inateua mwingine, na huyo mpya anapoanza kazi jambo lake la kwanza ni kulifungua jalada la zamani na kudai hesabu. Alichokuwa anadaiwa marehemu msimamizi kinakuwa deni kwenye mirathi yake mwenyewe, la kulipwa kabla wanawe hawajagawana chochote. Sanduku la chuma nalo litafunguliwa, safari hii na mtu asiyejua ndani kuna nini.